Miwani ya uhalisia pepe inafundisha nini hasa?

Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili kuhusu uhalisia pepe, yaani ulimwengu wa kuigizwa na kompyuta ambao mtu hujiona yumo ndani yake, na katika orodha za waandishi wake yalikuwemo majina mawili yale yale: Guido Makransky wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Utafiti wa kwanza ulihusu wanafunzi 52 wa chuo kikuu waliojifunza sayansi katika maabara ya kuigiza iliyotengenezwa kwa kompyuta. Somo lilikuwa moja, ila lilitolewa kwa njia mbili: kwenye skrini ya kawaida ya mezani, na ndani ya miwani inayofunika macho yote. Wanafunzi walisema wakiwa na miwani walijiona wamo maabarani kabisa. Mtihani ulipokuja, ikaonekana kwamba kwenye miwani walikuwa wamejifunza kidogo kuliko kwenye skrini, na vipimo vya umeme wa ubongo vikaonyesha kuwa akili ilikuwa imeelemewa zaidi.

Utafiti wa pili uliwachukua wanafunzi 105 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, nao wakafundishwa usalama wa maabara. Wapo waliosoma kitabu cha maelekezo, wapo waliotumia programu ya kuigiza kwenye kompyuta, na wapo waliovaa miwani. Katika maswali ya kukumbuka walichofundishwa, makundi yote matatu yalikuwa sawa. Lakini walipopelekwa kwenye maabara ya kweli, yenye vifaa vya kushikika, na kutakiwa watatue tatizo kwa vitendo, waliovaa miwani wakawapita waliosoma kitabu.

Mtu akiusoma wa kwanza peke yake atasema miwani hii ni kupoteza fedha za chuo. Akiusoma wa pili peke yake ataomba inunuliwe kesho. Mimi naona tafiti zote mbili ni za kweli, na mahali zinapoonekana kugongana ndipo penye jibu. Swali la kama uhalisia pepe unafundisha au haufundishi limekaa vibaya tangu mwanzo. La kuuliza ni kwamba mtu alitakiwa ajue kitu gani, na alipimwa kwa kutumia nini, kalamu au mikono.

Miwani inavyoudanganya mwili

Ndani ya miwani kuna skrini mbele ya macho, na kila jicho hupewa picha yake, iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili. Ubongo huziunganisha na kuona kina, kama unavyofanya siku zote. Vitambuzi hufuatilia kichwa kinapogeuka, na kompyuta huchora upya ulimwengu wote kufuatana na kila mzunguko wa shingo. Picha ikichelewa zaidi ya takriban milisekunde 20, mwili unaanza kushtuka kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Wazo lenyewe ni la zamani. Ivan Sutherland alikuwa na kifaa cha namna hii mwaka 1968, kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari. Mwaka 1992 Carolina Cruz-Neira na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, wakapita njia nyingine: walijenga chumba ambacho kuta zake zenyewe ndizo skrini.

Nguvu ya udanganyifu huu ilipimwa vizuri katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Mtu alivaa miwani, akaingia kwenye chumba cha kuigizwa, na katikati ya sakafu akakuta shimo lenye kina cha futi 20 hivi. Alijua fika kwamba amesimama kwenye sakafu ya maabara. Mapigo ya moyo yalipanda hata hivyo. Kisha watafiti wakaweka chini kipande cha ubao chenye unene usiofika hata sentimita 4, ili mguu uhisi ukingo pale pale jicho linapoona ukingo. Mapigo yakapanda zaidi.

Kipande hicho cha ubao kinafaa kukumbukwa, maana tutakirudia. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba hisia ya kuwepo mahali haiishii kwenye picha nzuri. Mwili nao unapaswa kupewa cha kushika, au cha kukanyaga. Mel Slater, aliyefanya kazi London na Barcelona, baadaye aliigawa hisia hiyo mara mbili: kuna kuamini kwamba upo pale, na kuna kuamini kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza akakosa ya pili. Chumba kimechorwa vizuri ajabu, lakini ukimsalimia aliyemo hageuki. Hapo hapo imani inavunjika.

Kwa nini kuwepo hakumsaidii mwanafunzi

Sasa tumrudie mwanafunzi wa maabara ya Copenhagen. Akili ya mtu ina nafasi ndogo ya kushughulikia mambo mapya kwa wakati mmoja. Mayer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kila pambo lisilohusu somo, hata liwe la kupendeza vipi, hula sehemu ya nafasi hiyo. Ndani ya miwani mapambo yako pande zote. Mwanafunzi anageuka kuangalia rafu, anachungulia chini ya meza, anajaribu kama mkono wake unaweza kuangusha chupa. Maelezo ya somo yanaendelea huku yeye yuko safarini. Hana daftari wala kalamu, na hawezi kufumba kitabu kidogo akafikiri. Akikosa sentensi moja imempita.

Mwaka 2018 Jocelyn Parong na Mayer walilinganisha somo la biolojia lililotolewa kwa miwani na somo hilo hilo lililotolewa kwa slaidi za kawaida. Waliotazama slaidi walifaulu zaidi. Waliovaa miwani walilipenda somo zaidi. Watafiti hawakuishia hapo. Walilikata somo la miwani vipande vipande, na baada ya kila kipande mwanafunzi aliandika muhtasari wa alichokiona. Alama zikapanda, na hamu ya somo ikabaki pale pale.

Nimekaa na matokeo hayo kwa muda mrefu, kwa sababu yanawahusu walimu kuliko mafundi wa kompyuta. Dawa iliyoleta nafuu ilikuwa kutua, kuvua, kuandika, kuvaa tena. Kazi ya kumfikirisha mwanafunzi ilikuwa bado ya mwalimu, na chuo kinachonunua vifaa bila kumpa mwalimu muda wa kulipanga somo upya kimenunua nusu ya kitu.

Moto, mtungi na mkono

Usalama ni habari nyingine. Tuchukue mtungi wa kuzimia moto. Hatua zake ni nne: vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, bana mpini, kisha fagia kushoto na kulia. Mtu yeyote anazikariri kwa dakika moja, na ukimpa karatasi ataziandika bila kosa. Kwa maana hiyo mtihani wa kuandika hautakuambia lolote, wote watapata mia kwa mia.

Sasa muweke mtu huyo kwenye korido yenye moshi, kengele inalia, watu wanapiga kelele. Anaunyakua mtungi na kubana mpini kwa nguvu zake zote, na hakuna kinachotoka. Pini bado imo. Akishaitoa, anapulizia ndimi za moto zilizo juu, ambazo ndizo zinazoonekana, wakati kinachoungua kiko chini. Amesogea karibu mno. Mlango wa kutokea uko upande wa pili wa moto badala ya kuwa nyuma yake. Na mtungi wa unga wa kilo 6 humalizika kwa muda wa nusu dakika hivi, au pungufu, kwa hiyo hana nafasi ya kujaribu tena.

Haya ndiyo mambo ambayo miwani inaweza kuyafundisha. Kompyuta inapima umbali aliosimama na pembe aliyolenga. Akipulizia juu, moto unaendelea. Akichelewa, moshi unashuka hadi usawa wa macho. Akishindwa, anaanza upya baada ya sekunde chache, hakuna unga uliomwagika na hakuna aliyeungua. Anaweza kukosea mara kumi asubuhi moja, na makosa hayo ndiyo somo lenyewe.

Lakini hapo hapo kuna mtego. Rimoti ya miwani anayoishika badala ya mtungi ni nyepesi kuliko kikombe cha chai kilichojaa. Mtungi wa kweli wa kilo 6 za unga, ukijumlisha na chuma chake, una uzito unaokaribia kilo 10. Aliyefanya mazoezi kwa rimoti amezoea kupunga mkono mmoja hewani, na siku ya siku mkono huo utazidiwa. Wataalamu huyaita mafunzo hasi: umemfundisha mtu, kweli, lakini umemfundisha tabia isiyo sahihi. Njia ya kutoka ni ile ya ubao wa Chapel Hill. Chukua mtungi halisi, mtupu, ufungie kitambuzi, umpe aushike. Macho yaone moto wa kuigizwa, lakini mikono ishike chuma chenye uzito wa chuma.

Marubani waliligundua jambo hili kabla ya kompyuta kuwepo. Edwin Link alitengeneza mashine yake ya kuigiza urukaji mwaka 1929, sanduku lenye mabawa mafupi lililokuwa likiyumba juu ya mifuko ya hewa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilifundishia mamia ya maelfu ya wanajeshi wa anga. Haikuwa na picha yoyote ya kuvutia ya nje. Ilikuwa na usukani unaoshikika na vipimo vinavyosomeka, na ndivyo rubani alivyohitaji.

Hata utafiti mmojawapo maarufu zaidi katika fani hii haukutumia miwani. Uliongozwa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002. Madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji waligawanywa, nusu wakafanya mazoezi kwenye mashine ya kuigiza: skrini ya kawaida pamoja na vishikio vinavyofanana na vya upasuaji wa tundu dogo. Kisha wote wakaingia chumba cha upasuaji kutoa mfuko wa nyongo. Waliofanya mazoezi walikuwa wepesi zaidi kwa asilimia 29, na wenzao walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kuujeruhi mfuko wa nyongo au kuunguza sehemu isiyohusika. Watu 16 ni wachache, na hilo lisifichwe. Lakini walipimwa kwa mgonjwa, ndani ya chumba cha kazi, na kipimo cha namna hiyo ni adimu.

Jeremy Bailenson, aliyeanzisha maabara ya uhalisia pepe ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2003, amekuwa akishauri kwamba miwani itumike pale ambapo jambo lenyewe ni la hatari, haliwezekani, lina madhara au ni la gharama kubwa mno kulifanya kweli. Mafunzo ya usalama yanaingia karibu yote humo. Huwezi kumwangusha mtu kutoka kwenye jukwaa la ujenzi ili ajifunze kufunga mkanda.

Hata hivyo, usalama wenyewe una sura nyingi. Rafael Sacks na wenzake wa chuo cha teknolojia cha Technion, Israeli, waliwafundisha watu 66 usalama wa ujenzi, nusu darasani kwa picha na maelezo, nusu mbele ya ukuta mkubwa wa picha zenye kina. Waliwapima kabla, mara tu baada ya mafunzo, na tena baada ya mwezi mmoja. Uhalisia pepe ulionyesha faida kwenye kazi ya kubandika mawe ukutani na ya kumwaga zege. Kwenye kanuni za jumla za usalama wa eneo la ujenzi, haukuonyesha faida. Hapa naona mpaka uleule wa tafiti mbili za 2019, safari hii ndani ya utafiti mmoja: kazi yenye mahali pake na hatari yake inayoonekana ilifaidika, kanuni za kusomeka hazikufaidika.

Kupima leo, kupima wiki ijayo

Muda nao una lake la kusema. Luca Chittaro na Fabio Buttussi wa Chuo Kikuu cha Udine, Italia, walilinganisha mchezo wa uhalisia pepe unaomweka mtu ndani ya ndege iliyopata ajali na ile kadi ya maelekezo ya usalama inayowekwa kwenye mfuko wa kiti. Mara tu baada ya mafunzo, makundi mawili hayakuachana. Wiki moja baadaye, waliosoma kadi walikuwa wameanza kusahau, waliocheza walikuwa bado wanakumbuka. Mchezo ulikuwa umewatia hofu zaidi, na hofu iliyopimwa vizuri huacha alama kwenye kumbukumbu. Mtafiti ambaye angefunga kazi yake siku ileile angeandika kwamba hakuna tofauti.

Ndiyo maana huwa siridhiki na taarifa ya mradi inayosema washiriki walifurahia na wakajiamini zaidi. Kufurahia ni kuzuri. Lakini mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza maishani angefurahia hata angeonyeshwa ukuta mtupu, na ugeni huo huisha. Kujiamini bila uwezo, mbele ya moto, ni hatari zaidi ya woga. Tena miwani hulinganishwa mara nyingi na mhadhara uliopooza. Ukimpa mpinzani dhaifu, hujajua nguvu zako.

Kuna miradi isiyofundisha chochote na bado ni ya thamani kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Jodie Plumert na Joseph Kearney waliweka baiskeli halisi katikati ya barabara ya kuigizwa, magari yakipita, wakawaomba watoto wa miaka 10 na 12, na watu wazima, wavuke. Wengi wangedhani watoto huchagua nafasi finyu kati ya gari na gari. Sivyo. Watoto walichagua nafasi zilezile walizochagua watu wazima, ila wakamaliza kuvuka wakiwa wamebakiza muda mfupi zaidi kabla gari halijawafikia. Jicho lao lilipima sawa, mwili ukachelewa kuondoka. Hakuna mtafiti mwenye dhamiri angelijua hilo kwa kuwapeleka watoto kwenye barabara ya kweli. Na linabadilisha cha kufundisha: kumwambia mtoto achague nafasi kubwa hakutoshi, inabidi azoezwe kuondoka kwa wakati.

Yanayobaki kwenye mashine

Kichefuchefu kinajulikana. Macho yanasema tunakwenda, sikio la ndani linasema tumetulia, na mwili unapinga. Tangu 1993 watafiti hutumia dodoso lenye dalili 16 kukipima, na kupunguza upana wa picha wakati wa mwendo husaidia baadhi ya watu. Muhimu kwa msomaji ni kutazama walioacha njiani. Kama watu kadhaa walivua miwani kwa kuugua na hawakuhesabiwa, matokeo ni ya wenye matumbo imara tu.

Linalonisumbua zaidi halina dalili. Ili ichore ulimwengu, miwani lazima ijue kichwa na mikono yako viko wapi, mara nyingi katika kila sekunde. Mwaka 2020 maabara ya Stanford ilichapisha utafiti wa watu 511 waliotazama video za uhalisia pepe. Kwa data ya mwendo ya chini ya dakika tano, mfumo uliweza kuwatambua asilimia 95 yao. Unavyoinamisha kichwa na kushusha bega ni kama alama ya kidole. Kufuta jina kwenye faili hakutoshi, kwa sababu mwendo wenyewe ni jina. Mwanafunzi au mfanyakazi anayeambiwa avae miwani kwa ajili ya mafunzo ya lazima hana nafasi halisi ya kukataa. Kwa hiyo chuo kinapaswa kumwambia mapema rekodi hizo zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama mwajiri wake ataziona. Fomu ya ridhaa isiyotaja data ya mwendo, kwa maoni yangu, haijakamilika.

Nimalizie kwa mradi ninaouheshimu kwa sababu unajua mipaka yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wenzao wa Nigeria na Kenya, walitengeneza mazoezi ya uhalisia pepe ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, yanayoendeshwa kwa simu. Walifanya kazi na wauguzi na wakunga 274 wa Lagos na wa Busia, magharibi mwa Kenya. Mtoto huyo ana dakika moja ya kwanza, ambayo ndani yake anapaswa awe ameanza kupumua au kupumulishwa. Ndani ya miwani muuguzi anafanya mazoezi ya mpangilio: kumkausha mtoto, kumsisimua, kusafisha njia ya hewa inapohitajika, kuamua, huku sekunde zinakwenda. Anaweza kurudia hayo katika kituo chake mwenyewe, miezi kadhaa baada ya mkufunzi kuondoka.

Kupimwa mikono, hata hivyo, alipimwa kwa mwanasesere halisi mezani, mfuko wa hewa na barakoa ndogo mikononi. Barakoa ikikaa sawasawa na mfuko ukibanwa vizuri, kifua kinapanda. Ikikaa upande, hewa inavujia shavuni na kifua kinabaki kimelala.